Kubuni AR ya mazoezi ya nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya yule anayetaka kutengeneza apu au gemu ya AR (uhalisia ulioongezwa, vitu vya kuchora vinavyowekwa juu ya picha ya kamera) ya kumfanya mtu atoe jasho akiwa ndani kwake, uwe dizaina, programa au mwalimu wa mazoezi mwenye wazo tu na hajui aanzie wapi. Nimejibu nikiwa na simu za kawaida na vyumba vya kawaida kichwani, maana watumiaji wengi wako huko.

AR ya mazoezi ina tofauti gani na kufuata video ya mwalimu?

Video haikuoni, basi. Unaweza kukaa kwenye kochi unatafuna karanga na mwalimu wa kwenye video ataendelea kukusifia "safi sana, hivyohivyo, usichoke". AR inawasha kamera, inakuona wewe na chumba chako, alafu inachora vitu juu ya picha hiyohiyo: mpira wa kupiga teke, mstari wa kuonyesha ushuke mpaka wapi, namba inayoongezeka kila ukimaliza skwati moja (kuchuchumaa na kusimama). Uhalisia pepe (VR) nao ni kitu kingine, ule unakufunika macho usione chumba kabisa.

Na wazo lenyewe sio jipya. Sony walitoa EyeToy ya PlayStation 2 mwaka 2003, kamera ndogo unajiona kwenye TV unapiga vitu kwa mikono, alafu Microsoft wakaja na Kinect, kamera ya Xbox inayofuatilia mwili, Novemba 2010. Kilichobadilika ni kwamba leo hiyo kazi inafanywa na simu ya mfukoni bila kifaa cha ziada.

Lazima mtumiaji awe na miwani ya kuvaa usoni?

Hapana, na kama unaanza ningekushauri uiache kwanza. Miwani ya Meta Quest 3 iliyotoka Oktoba 2023 inaonyesha chumba chako kwa rangi na inaweza kuweka vitu vya kuchora juu ya sakafu yako vizuri sana, lakini ina uzito wa gramu 515, betri inadumu kama saa mbili, ilianza kuuzwa dola 499 huko Marekani, na ukianza kuruka nayo jasho linaingia kwenye lenzi. Inafaa ngumi, inafaa kucheza na mikono, ila jaribu kulala kifudifudi ufanye planki (kujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu) na kitu cha nusu kilo kinavuta uso chini uone shingo itakwambia nini.

Simu yangu playstore inasema haina ARCore, ndo basi tena?

Hili swali linakuja sana na jibu lake linafurahisha, maana watu wanachanganya vitu viwili. ARCore ya Google na ARKit ya Apple kazi yake kubwa ni kuelewa CHUMBA: sakafu iko wapi, simu imesogea kiasi gani, meza ina urefu gani. Ni muhimu kama unataka kuweka kocha wa 3D asimame katikati ya sebule na mtu amzunguke. Lakini mazoezi mengi hayahitaji hicho, yanahitaji kuelewa MWILI, na hiyo ni kazi ya modeli nyingine kabisa (programu zilizofunzwa kutambua mwili kwenye picha) ambazo zinahitaji kamera ya kawaida tu. ARCore yenyewe haifuatilii mwili mzima.

Modeli za mwili ziko za bure. MediaPipe ya Google inakupa pointi 33 mwilini, yaani sehemu kama bega na goti, mpaka kisigino na ncha ya mguu. MoveNet, nayo ya Google, inakupa pointi 17 na ina aina mbili, Lightning ya haraka na Thunder inayolenga zaidi ila nzito. Kwa iPhone kuna ile ya Vision, zana ya Apple yenyewe, toka iOS 14. ARKit nayo ina ya kufuatilia mwili kwa 3D lakini inataka chipu ya Apple ya A12 kwenda juu na inatumia kamera ya NYUMA, yaani mtu anayefanya mazoezi peke yake haoni skrini, kwa hiyo kwa kazi yetu hii haisaidii sana.

Kwa hiyo simu ya Tecno au Infinix isiyo na ARCore bado inaweza kukuhesabia skwati. Tumia kamera ya selfi, mchore mtu kama yuko kwenye kioo, weka vitu vyako juu. Mtumiaji hajali kama hiyo ni AR "ya kweli" au la.

Chumba kiwe na ukubwa gani?

Hapa ndo apu nyingi zinakufia. Kinect ilikuwa inataka mtu mmoja asimame kama mita 1.8 kutoka kwenye kifaa, wawili mita 2.4, na malalamiko ya watu wenye sebule ndogo hayakuisha mpaka walipoacha kuitengeneza 2017. Sasa fikiria mtu aliyepanga chumba kimoja Mbagala, Dar, au Kayole, Nairobi, kitanda kimechukua nusu, kuna kabati, kuna ndoo za maji, jiko la gesi liko kona, sehemu tupu iliyobaki ni pale unapotandika mkeka. Simu ya selfi ili imuone mtu mzima kuanzia kichwa mpaka miguu inataka kama mita mbili au zaidi, na hizo mita mbili hana.

Dizaini iwe na ngazi. Ukimuona mwili wote mpe skwati, lanji (hatua ndefu mbele huku unashuka), kuruka. Ukimuona kuanzia magotini kwenda juu mpe ngumi, kuinua mikono, kugusa goti kwa kiwiko. Ukimuona kifua tu mpe mazoezi ya mabega akiwa amekaa. Apu inaweza kujua yenyewe, kila pointi inakuja na namba ya kuonyesha modeli ina uhakika kiasi gani kwamba inaiona, vifundo vya miguu vikiwa havionekani usimwambie "rudi nyuma" mara ishirini, mtu ameshagusa ukuta huyo, badilisha zoezi.

Alafu kuna majirani. Anayeishi ghorofa ya tatu akiruka saa kumi na moja alfajiri wa chini atapanda kugonga mlango. Weka kitufe cha "bila kuruka" mwanzoni kabisa, usikifiche kwenye setting.

Simu iwekwe wapi? Watu wengi hawana stendi.

Hawana na hawatanunua. Simu itaegemezwa kwenye chupa ya chai, kwenye redio, kwenye kiatu, kwenye mguu wa meza. Kwa hiyo itakuwa chini na imeinamia juu, na hapo picha inadanganya: miguu inaonekana mirefu, kichwa kidogo, na feni ya dari inakaa kwenye fremu kama na yenyewe imejiandikisha mazoezi. Soma kwanza simu imelala kwa pembe gani, sensa ya mwendo ya simu inakupa hiyo bure, ikizidi mwambie mtu aisimamishe kidogo.

Kingine, mtu akishabonyeza "anza" anatakiwa arudi nyuma, akae sawa, avute pumzi. Usianze kuhesabu hapohapo. Subiri mpaka umuone amesimama ametulia sekunde mbili hivi, ndo uanze kuhesabu tatu, mbili, moja. Na kusitisha asilazimike kurudi kugusa simu: mkono mmoja juu ya kichwa kwa sekunde mbili, inasimama. Usimuwekee vitufe vingi vya hewani vya kunyooshea mkono, mabega yanachoka kabla ya zoezi lenyewe.

Kompyuta inajuaje kwamba nimemaliza skwati moja?

Njia ya kawaida ni kuchukua pointi tatu, nyonga, goti na kifundo cha mguu, unapiga hesabu ya pembe ya goti. Ukisimama inakaribia digrii 180, ukishuka vizuri inakaribia 90. Sasa mtu anayeanza anaandika "ikishuka chini ya 120 ongeza moja", alafu mtumiaji akitetemeka hapo kwenye 120 apu inahesabu tano kwa skwati moja. Dawa yake ni mipaka miwili: lazima pembe ishuke chini ya 100 tuseme, ALAFU ipande juu ya 160, ndo ihesabiwe moja. Kati ya hapo hamna kinachohesabiwa. Mipaka yenyewe uitafute kwa kupima watu wako, sio watu wote magoti yao yanafika 90 na sio lazima yafike.

Pointi nazo zinacheza, zinaruka fremu hadi fremu (picha hadi picha ya video) hata mtu akisimama kama nguzo, kwa hiyo zilainishe kabla ya kupiga hesabu. Chujio la hesabu linaloitwa 1€ (One Euro), lilitolewa 2012, linapendwa sana kwa hii kazi sababu likiona mtu katulia linalainisha sana na akienda kasi linaachia ili isichelewe.

Na kumbuka kamera moja haioni kina vizuri. Mtu akiangalia kamera uso kwa uso anashuka, goti linakuja mbele kuelekea kwenye kamera, na kwenye picha ni kama pembe haijabadilika sana. Mwambie asimame upandeupande.

Mbona inahesabu vibaya mtu akiwa amevaa dera?

Kwa sababu goti halionekani, modeli inabahatisha. Dera, kanga ya kiunoni, kanzu, baibui, hata kaptula pana za mpira wa kikapu, zote zinaficha pembe, na mama anayefanya mazoezi nyumbani saa nne asubuhi watoto wakiwa shule hatavaa taiti za dukani ili kuifurahisha apu yako. Usimwandikie "tafadhali vaa nguo za kubana", hiyo ni kumfukuza mteja.

Badala ya pembe ya goti, pima mabega yameshuka kiasi gani. Akisimama, pima urefu kutoka mabegani mpaka nyongani kwenye picha, hicho ndo kipimo chako, alafu angalia mabega yakishuka kwa sehemu fulani ya kipimo hicho na kurudi. Mabega na kichwa vinaonekana hata ndani ya dera. Unapoteza uwezo wa kusema "goti limeingia ndani" lakini kuhesabu unahesabu vizuri, na watu wengi wanachotaka ni kuhesabiwa.

Kitu kingine ambacho wengi hawakijui: modeli ya MediaPipe na ile ya ML Kit, zana nyingine ya Google ya simu, zinamtafuta mtu kwa kuanzia na uso. Uso usipoonekana mwanzoni, kwa nikabu, kwa kugeuka, au kwa sababu mtu kainama, inaweza isianze kabisa. Ikishampata inaendelea kumfuata. Kwa hiyo zoezi lianze mtu akiwa anaangalia kamera, ndo ageuke upandeupande.

Pushapu na planki je?

Ngumu zaidi. Mtu akilala modeli zinayumba, na ukiziangalia kutoka mbele unaona kichwa na mabega tu. Mweke ubavu, simu iwe chini usawa wa sakafu, aanze amekaa uso unaonekana ndo ashuke. Ukiona uhakika wa pointi umeshuka nyamaza, usihesabu kwa kubahatisha, mtu akifanya pushapu kumi ukamwandikia sita hakusamehi.

Nichore nini kwenye skrini? Nina mawazo mengi.

Punguza. Mtu yuko mita mbili na nusu, skrini ni ya inchi sita, jasho linaingia machoni, herufi zako nzuri za saizi 14 ni mchwa. Namba moja kubwa, robo ya skrini kabisa. Vitu vya kugusa viwe na ukubwa kama wa kichwa chake mwenyewe anavyojiona kwenye skrini, chini ya hapo atavikosa na atadhani apu mbovu. Maandishi karibu na uso wake sababu hapo ndo anapojiangalia. Usitegemee nyekundu na kijani peke yake kusema vibaya na vizuri, kuna wasiozitofautisha, ongeza umbo au sauti.

Picha igeuzwe kama kioo, akiinua mkono wa kulia uinuke upande wa kulia wa skrini. Ni kitu kidogo lakini ukikosea mwili unachanganyikiwa kabisa.

Yule kocha wa 3D mwenye misuli anayesimama pembeni mimi simpendi. Anakula betri, anakula nafasi, na watu wanamwangalia yeye badala ya kujiangalia. Kivuli chepesi kinachoonyesha unapotakiwa kufika, juu ya mwili wa mtu mwenyewe, kinafanya kazi zaidi.

Sauti ina umuhimu gani?

Mkubwa kuliko picha, naweza kubishana na yeyote hapa. Nusu ya mazoezi mtu haangalii skrini: kwenye pushapu anaangalia sakafu, kwenye kukata tumbo anaangalia dari. Apu ifanyike mpaka mtu akifumba macho aweze kumaliza.

Kuhesabu kwa Kiswahili kuna mtego wake. Moja mpaka kumi ziko fupi, ila ukifika "ishirini na saba" na mtu anaruka karibu mara moja kwa sekunde sauti inachelewa, ya ishirini na nane inaingia ya ishirini na saba haijaisha. Hesabu moja mpaka kumi, ukifika kumi piga kengele, sema "kumi mbili", anza tena moja. Waulize wanaoongoza jogging za Jumapili Dar, hamna anayepiga "thelathini na nne" huku anakimbia.

Rekodi mtu halisi, usitegemee sauti ya mashine, na chagua lahaja unayoijua. Kama wateja wako wako Nairobi usimweke mtu wa Tanga awahimize, watampenda lakini watacheka. Na anayetumia spika ya bluetooth sauti itachelewa, mara nyingine zaidi ya moja ya kumi ya sekunde, kwa hiyo usitengeneze gemu ya kufuata mdundo inayotaka usahihi mkali.

Nimsahihishe mtu vipi akikosea?

Kosa moja kwa wakati mmoja, na usiseme katikati ya kushuka, sema akiwa juu. "Panua miguu kidogo" inaeleweka, "mpangilio wa goti lako una hitilafu" haieleweki. Akisikia lilelile mara tatu hajabadilika achana nalo, labda kamera ndo imekosea, labda goti lake ndo lilivyo. Na usiahidi kutibu mgongo wa mtu, kamera ya simu sio daktari wa mifupa.

Mwanga?

Adui ni dirisha nyuma ya mtu mchana, anakuwa kivuli cheusi hata simu iwe ya bei gani, na kwa ngozi zetu nyeusi kwenye chumba chenye taa moja ya manjano tofauti ya mtu na ukuta inapungua haraka. Pima mwanga wa picha kabla ya kuanza, mwambie "geuka, dirisha likae mbele yako". Umeme ukikatika usiku basi apu iendelee kwa kuhesabu muda tu bila kamera, usimfungie mlango.

Simu inachemka na inaganda baada ya dakika kumi.

Kawaida, kamera, skrini na modeli vyote vinafanya kazi pamoja. Huhitaji fremu 30 kwa sekunde kwa skwati, 15 zinatosha, na modeli usiilishe picha kubwa: MoveNet Lightning inatumia picha ya pikseli 192 kwa 192 tu. Wakati wa kupumzika zima modeli. Jaribu kwenye simu dhaifu kuliko zote unayoweza kuazima.

Itakula bando?

Ukiweka modeli ndani ya simu, hapana. Zile nyepesi ni MB chache tu na baada ya kuinstoli zinafanya kazi bila intaneti. Ukimtumia mtu video za HD kila siku ndo atakufuta, weka maelekezo kwa michoro na sauti.

Na picha za watu wakiwa nusu uchi vyumbani kwao?

Zisitoke kwenye simu. Kabisa. Modeli inafanya kazi hapohapo, unabaki na namba za pointi, fremu inatupwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, Kenya ina ya 2019, na taarifa za afya za mtu zinabanwa zaidi kuliko barua pepe yake. Ila sheria pembeni, nyuma ya mtumiaji kunaweza kupita mke, mtoto ametoka kuoga, shemeji. Weka uchaguzi wa kuficha picha yote abaki kama mchoro wa mistari tu, utashangaa wangapi wataupenda. Hao wanaopita nao wanaleta shida nyingine, modeli ya mtu mmoja inaweza kuruka ikaanza kumhesabu mtoto. Mtu akibadilika ghafla ukubwa na sehemu alipo, sitisha.

Watu wanaacha baada ya wiki mbili, nifanyeje?

Pokémon Go, gemu ya simu ya kutembea ukikamata vikatuni, ilipotoka Julai 2016 kila mtu alisema AR imemaliza uvivu. Utafiti uliotoka kwenye jarida la tiba la BMJ mwaka huohuo uliangalia vijana wa Marekani: wiki ya kwanza waliongeza wastani wa hatua 955 kwa siku, wiki ya sita walikuwa wamerudi walipokuwa. Mshangao wa kuona kitu kipya kwenye kamera unaisha, hata ukiweka dragoni.

Kinachobaki ni urahisi wa kuanza. Hesabu inachukua migusa mingapi toka afungue apu mpaka skwati ya kwanza, ikizidi miwili kata. Vipindi vya dakika saba, sio arobaini. Shirika la Afya Duniani (WHO) wanasema mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na toka 2020 hawadai tena kila kipande kifike dakika kumi, kwa hiyo vipande vidogo vinahesabika. Na akikosa siku tatu usimwonyeshe moto uliozimika (alama ya siku alizofanya mfululizo) na kikatuni kinalia, mtu kafiwa au kasafiri, mkaribishe tu.

Nijaribu vipi kabla ya kuandika kodi ya programu?

Chukua selotepu, weka alama chini pale mtu anaposimama, egemeza simu, washa kamera ya selfi ya kawaida. Rafiki yako akae pembeni ahesabu kwa sauti na kutoa maelekezo kama yeye ndo apu. Wewe nyamaza uangalie: mtu anagonga nini, anakwama wapi, anaangalia skrini lini. Rekodi hizo video kwa ruhusa yake, baadae zipitishe kwenye modeli uone inapotea wapi. Nenda nyumba tofauti, ofisini kwako kwenye ukuta mweupe kila kitu kinafanya kazi.

Nitumie nini kutengeneza?

Kama unajua JavaScript anza na TensorFlow.js, zana ya kuendesha modeli, kwenye brauza, jioni moja unaona mifupa inacheza. Flutter, ya kutengeneza apu za Android na iPhone kwa pamoja, ina pakeji za ML Kit. Unity, ya kutengenezea gemu, pamoja na pakeji yake ya AR Foundation ukihitaji vitu vya 3D sakafuni.

Naweza kuwatengenezea wazee?

Ndio na wachache wanawafikiria. Mazoezi ya kwenye kiti: kusimama na kukaa, kuinua goti, kunyoosha mikono. Kiti kisiwe cha plastiki chepesi kinachoteleza, kiegemezwe ukutani, na apu imuulize kabla kama ana presha, kizunguzungu au aliwahi kuanguka karibuni, akisema ndio imwambie aongee na daktari kwanza. Hakuna kitu cha kumfanya ageuke ghafla au arudi nyuma kinyumenyume. Kila baada ya seti apu imuulize swali ajibu kwa sauti, akishindwa kumaliza sentensi kwa kuhema, muda wa kupumzika uongezeke wenyewe. Maikrofoni haihitaji kuelewa alichosema, mjukuu aliye pembeni ataelewa.